Timu ya Houston Nyumbani kwa Wifi

Mvua siilaumu. Mvua ni ya Mungu, na mwaka ule wa 2017 ilinyesha Houston kwa namna ambayo hata wenyeji walisema hawajaiona. Wa kulaumiwa ni watu. Wa kwanza ni meneja wa apatimenti tulizopanga, aliyepita mlango kwa mlango akituambia tutulie, maji hayafiki hapa, ilhali gari lake mwenyewe alikwisha kulipandisha juu kwenye ghorofa la maegesho. Wa pili ni mume wangu. Alichukua gari letu asubuhi, akasema, "Naangalia barabara, narudi." Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Yakaja magotini, mpaka godoro likaanza kuelea. Nikapanda ngazi za nje pamoja na jirani yangu wa Honduras na wanawe, tukakaa huko juu na mvua yetu mpaka mtu tusiyemjua akaja na boti yake ya kuvulia samaki akatuchukua.

Mume wangu hakurudi siku ile, wala wiki ile, wala mwaka ule. Alikuwa pakavu, kwa mwanamke. Nalijua hilo kwa sababu mwanamke mwenyewe alinipigia simu kuniambia nisiwasumbue.

Mimi niliishia darasa la nne, Korogwe, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Anayetaka maneno ya chuo akatafute kwingine.

Mpira wa besiboli niliujulia kazini. Nilikuwa nafua na kukunja mashuka ya hoteli, na wenzangu Wamexico walifungulia redio kutwa. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwa Kispanyola, sielewi neno, lakini nilielewa pumzi. Ukisikia amenyamaza, ujue mrushaji ameshika mpira anafikiri. Baadaye nilipouona kwenye televisheni nikacheka, maana mbona ni rede tu hii! Mmoja anarusha, mwingine anaviziwa, wengine wanakimbilia kituo. Tofauti ni kwamba sisi tulicheza na soksi iliyojazwa matambara, na aliyetolewa alirudi nyumbani kuchota maji.

Kwenye ukumbi mkubwa walikotulaza baada ya mafuriko, vitanda vya turubai vimepangwa kama makaburi, kulikuwa na televisheni. Timu ya Houston ikicheza, watu walisogeza viti. Watu wasio na kiatu cha pili walikuwa wanagombana kama yule mpigaji alistahili kutolewa au la. Nikasogeza na mimi. Mwaka ule timu ikachukua ubingwa, na mimi nililia hadharani kuliko nilivyolilia nyumba yangu.

Najua mtaniambia habari ya pipa. Ndiyo, miaka miwili baadaye ilikuja kujulikana kwamba walikuwa wanaiba ishara za wenzao kwa kamera, na kumjulisha mpigaji wao kwa kugonga pipa la takataka. Wakosaji ni wale waliogonga, na wakubwa waliosikia pipa likigongwa wakajifanya viziwi. Mimi simo. Mimi nilikuwa kwenye kitanda cha turubai, na machozi yangu hayakuibwa kwa mtu.

Baadaye nikaondoka Houston nikaenda kuishi Arlington, hukohuko Texas, kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye ndiye aliyenifuata na gari lake. Alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, na alikuwa anakaa karibu na kiwanja cha timu ya Arlington kiasi kwamba wakishinda, fataki zinatikisa vyombo kabatini. Kwa hiyo alikuwa shabiki wao wa damu. Siku ya kwanza tu niliposhuka na mfuko wangu mmoja, akaona kofia ya Houston kichwani mwangu.

"Karibu, kambale," akasema. "Uvue hiyo kofia, hapa ni nchi kavu."

Kambale. Mtu nimetoka kwenye mafuriko! Lakini nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwenye boti. Kwetu wifi ni mtani wako. Anaweza kukuita lolote, akakuvua kitenge chako akavaa yeye, na wewe huruhusiwi kukasirika wala kudai. Alichokunyang'anya mtani kimekwenda. Nawe una haki hiyohiyo kwake. Tukaanza kutaniana na hatukuacha. Kiwanja chao wakati ule hakikuwa na paa, watu wanakaa juani mwezi wa saba kama mahindi ya kuchoma, chetu kina paa na ubaridi. Nikamwambia, "Heri kambale kuliko kuku wa kubanikwa." Akiamka anaweka jezi yake juu ya kiti changu. Mimi nafungia mtindi kwenye bakuli nimelibandika jina la timu yangu, ili ashindwe kuula. Alikula.

Jambo moja tu ndilo halikuwa la utani. Nilikuwa sina mume na sina talaka. Mume alikuwa anapokea simu za dada yake tu; zangu hapokei, ujumbe hajibu. Shehe wa msikiti wetu alinisikiliza kwa upole, akasema atamtafuta, lakini mtu anayejificha kumpata ni safari ndefu. Nilitaka nilale nikijua mimi ni nani. Na wifi, Mungu amsamehe, alikuwa anataka turudiane. Yule ni mdogo wake, alimbeba mgongoni. Kila baada ya siku chache atalileta: "Amekosa, lakini ni binadamu. Msikilize tu." Namwambia simtaki hata sauti yake. Anaosha sahani kwa nguvu.

Msimu wa 2019, timu yangu ilikuwa inampasua kila inayemkuta. Ikawa inakuja kucheza Arlington. Wifi alikuwa jikoni anakuna nazi, mimi nakatakata vitunguu, na jirani yetu Mkenya, nesi wa hospitali, amekaa kwenye stuli anakunywa chai kabla ya shifti.

"Wifi," akasema, "tuweke dau."

"Kamari haramu."

"Si kamari, ni utani. Timu yako ikishinda leo, mdogo wangu sitamtaja humu ndani mpaka nife. Ikifungwa, nitamwita aje, na wewe utakaa kitako umsikilize mpaka amalize."

Yule Mkenya akaweka kikombe chini. "Wee! Mama, usikubali. Hii ni mtego."

"Timu yangu ifungwe na hawa?" nikasema. "Na kuku wa kubanikwa? Haya, nimekubali."

"Umeskia?" wifi akamgeukia. "Wewe shahidi."

"Mimi simo kwa mambo yenu za Watanzania. Lakini nimeskia, aki."

Mtu wa kwetu tu ndiye anayeweza kufanya kosa hilo. Mzungu angesema nilikuwa natania, basi yameisha. Mimi nimelelewa kwamba alichokunyang'anya mtani hukidai, hata kama ni neno lako.

Tuliangalia tumekaa sakafuni, migongo kwenye kochi. Mpaka raundi ya saba tuko mbele, nami nishaanza kumwuliza wifi ataanza lini kunyamaza. Raundi ya nane mrushaji wetu akachoka, kila mtu anaona kachoka, mkono unashuka, na kocha amekaa pale anatafuna mbegu za alizeti. Namtaja huyo kocha kwenye orodha ya walionikosea. Alipokuja kumtoa tumeshasawazishwa. Raundi ya mwisho mpigaji wao mmoja, ambaye hata wifi alikuwa anamtukana msimu mzima, akaupiga mpira ukapita juu ya vichwa vyote. Nje fataki zikaanza, kabati likatikisika.

Wifi hakushangilia. Alinitazama, akaona uso wangu. "Kama hutaki," akasema polepole, "basi."

"Mtani hadaiwi," nikamjibu. "Mwite."

Alikuja mwezi wa nane, Jumapili mchana, na basi, kutoka huko alikokuwa. Amekonda. Amevaa shati ambalo nililinunua mimi. Wifi alikuwa amepika pilau na kuku, maana mgeni ni mgeni, na mimi nimekaa kitako kama nilivyoahidi, mikono mapajani.

Alizungumza vizuri, hilo silikatai. Alisema shetani. Alisema yule mwanamke alimroga na sasa amemfukuza. Alisema nyumba bila mke ni pango. Halafu akaona nimenyamaza, akadhani nimelainika, akaanza kujitetea.

"Na dada, wewe shahidi wangu, nilikueleza kwenye simu wakati uleule. Mimi sikumtelekeza. Nilimbembeleza tutoke. Akagoma! Macho kwenye televisheni. Akanambia mpira haujaisha, tangulia."

Ndipo nikajua. Miaka miwili wifi amenilisha, amenifulia, ameniita kambale, na kumbe wakati wote alikuwa anaamini nilimkatalia mume kwa ajili ya mpira. Ndiyo maana alikuwa anatuombea turudiane. Aliona kosa ni la wawili. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeahidi kusikiliza mpaka amalize, nikauma ulimi.

Wifi akaacha kula. "Mpira gani?"

"Huo wao. Timu yake."

"Inacheza na nani?"

"Si na hawa wenu wa Arlington? Palepale Houston, kiwanjani kwao, na mvua inapiga. Nakumbuka kabisa, maana nilimwambia, hata wifi yako wa Arlington atakushangaa."

Hapo alijimaliza, kwa sababu huyu bwana mpira hajaufuata hata siku moja. Michezo ile ya Houston na Arlington ilipangwa kweli iwe Houston wiki ile. Lakini kwa mafuriko haikuchezwa Houston. Wakubwa wa timu hawakuelewana kubadilishana viwanja, wakaenda kucheza Florida, na ilianza wakati mimi nishatolewa na boti, niko kwenye ukumbi. Niliwalaumu wakubwa wa Arlington kwa jambo hilo msimu mzima, asubuhi na jioni, mpaka wifi akawa ananitupia mito.

"Wewe," wifi akamwambia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo michezo ilikwenda Florida. Huyu mkeo amenipigia kelele ya Florida mpaka masikio yakaota sugu. Hakuna mtu aliyecheza mpira Houston siku ile. Watu walikuwa juu ya mapaa."

"Dada, labda ilikuwa timu nyin..."

"Ulimwacha?"

Akaangalia sahani.

"Mdogo wangu. Ulimwacha ndani ya maji?"

"Niliogopa," akasema. Na nadhani hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema siku ile. Kidogo nimwonee huruma. Kila mtu aliogopa. Lakini gari alikuwa nalo yeye.

Wifi alinawa mikono, akaifuta kitambaani kidole kimoja kimoja. "Umemaliza kusema?"

"Nimemaliza."

"Basi naye amemaliza kusikiliza. Deni la utani limeisha. Sasa mwache. Kwa kinywa, hapa, nasikia mimi."

"Dada, mimi nimekuja kumrudisha mke wangu!"

"Nimekubeba mgongoni, nimekupangusa kamasi. Mwache, ule, uende. Na ukijaribu kumrejea ndani ya eda, utanikuta mimi mlangoni."

Alinitazama. Nilimtazama na mimi, sikuinamisha macho. Akasema, "Nimekuacha talaka moja." Alisema kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Pilau hakumaliza. Wifi alimpeleka stendi na gari lake, na aliporudi alikaa gerejini ndani ya gari muda mrefu, injini imezimwa. Sikumfuata. Mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka, yeye alikuwa amepoteza mdogo wake. Ningemwambia nini?

Nikakaa eda nyumbani kwa dada wa mtu aliyeniacha. Kwa umri wangu eda ni miezi mitatu. Kazini natoka na kurudi, shehe aliniruhusu kwa dharura, lakini mizunguko mingine hakuna. Jioni ni mpira. Timu ya Arlington ilishatoka mapema, wifi hana lake tena, lakini alikaa nami sakafuni kila mchezo. Tukaenda, tukaenda, mpaka fainali, mpaka mchezo wa saba, nyumbani kwetu Houston, paa letu, watu wetu. Tukawa mbele. Halafu wageni wakatugeuza. Mpira wa mwisho ulipodakwa, kamera ikaonyesha mwanamke wa makamo ameshika kofia kifuani, analia kama amefiwa.

Mimi sikulia. Nilikuwa nasubiri. Nilijua linakuja tusi la kambale, la supu ya kambale, la kambale mbichi kwenye jua. Wifi alizima televisheni, akaanza kukusanya vikombe.

"Mbona hunitanii?" nikamwuliza.

Aliendelea kukusanya, hanitazami. "Umeachika. Wewe si wifi yangu tena. Nitakutania kwa haki gani?"

Kumbe ndilo alilokuwa nalo moyoni wiki zote zile. Mimi nilikuwa nahesabu uhuru, yeye alikuwa anahesabu utani unavyoisha.

"Eda haijaisha," nikasema. "Mimi bado mke wa mdogo wako mpaka iishe. Nitanie, wifi."

Aliweka vikombe chini. Akakaa tena sakafuni, akavuta pumzi, akaanzia kwa mrushaji wetu wa kwanza, akamaliza na ukoo wangu wote wa Korogwe.