Sura ya Mbayuwayu

Walimwita Jicho, na jina likamkaa. Kamera aliachiwa na baba yake mdogo, mpiga picha za harusi, lakini yeye harusi zilimchosha, akahamia baharini. Kila siku alichutama kwenye jabali la chini, maji ya chumvi yakimrukia magotini, kamera ameifunika kwa mfuko wa nailoni. Juu ya genge vijana wa kuruka baharini walijipanga. Wageni walitaka picha ya aina moja tu: mtu hewani, mikono imetanda, bahari inamngoja. Basi kidole chake hakikushuka mpaka nyayo ziachane na mwamba.

Miongoni mwa vijana hao alikuwapo mmoja, Mbayuwayu, mwingi wa maneno.

“Dada!” alipiga kelele kutoka juu. “Leo nipige upande wa kushoto, wa kulia kinyozi kanichinja!”

“Sura yako nani anaitaka? Ruka, jua linaondoka!”

Wenzake wakaangua kicheko.

Siku aliyokufa Mbayuwayu bahari ilikuwa shwari. Aliruka vizuri, akaingia vizuri, ila maji yalikuwa yamekupwa kuliko walivyodhani. Wenzake walimtoa, wakamlaza jabalini. Jicho alivua koti lake akamfunika.

Baada ya maziko, mama wa marehemu, fundi cherehani, alifika studio, chumba kimoja nyuma ya duka la viatu kinachonuka gundi na ngozi mpya. Akakaa kwenye stuli ya wateja wa picha za pasipoti, mkoba mapajani.

“Mwanangu, nasikia ulimpiga picha miaka yote. Nitafutie moja niitundike. Mimi ninayo ya utotoni tu.”

Jicho akawasha kompyuta. Picha zikapita: mgongo, nyayo, kisogo, kichwa kilichozama katikati ya mikono.

“Huyu nani?”

“Ni yeye, mama.”

“Na huyu?”

“Yeye pia.”

Mama akaisogelea skrini. “Mbona hana uso?”

“Nilikuwa nangoja aruke,” alisema Jicho. “Nisamehe, mama.”

“Tafuta tu. Nipo.”

Wakatafuta mpaka chai ikapoa vikombeni. Hatimaye, kwenye picha za kufutwa, ikatokea moja iliyopigwa wakati Jicho akipima mwanga, imepinda. Mbayuwayu ameketi ukingoni, anachomoa mwiba unyayoni, ncha ya ulimi imemtoka kwa bidii.

Mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio. “Ndivyo alivyokuwa akinitungia uzi sindanoni, macho yangu yalipoanza kuchoka. Ulimi nje hivyo hivyo.”

Jicho alimshika mkono mpaka akatulia. Alipotaka kuinyoosha picha, mama akamzuia. “Iache. Usimguse.”

Siku nyingi zilipita Jicho asiende baharini. Aliporudi, hakushukia jabalini; alipanda gengeni, alikokuwa hajawahi kufika, akishika majani na mizizi. Vijana wakampisha.

“Kabla hamjaruka,” alisema akihema, “kila mmoja akae hapa kidogo. Picha ni ya nyumbani kwenu.”

Mkubwa wao akamwomba asubiri, akajifuta chumvi usoni kwa kiganja, kisha akaketi akamtazama.