Deni Nililimaliza, Jina Langu Bado Linadaiwa

Admin, naomba unifichie jina. Mume wangu haingii mitandaoni, lakini ndugu zake wamo humu na sitaki wayasikie haya kabla sijajua la kufanya.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu. Naishi Mwankoko, hapa Singida, na mume wangu pamoja na binti yetu ambaye nitamwita Neema. Nalima alizeti na nafuga kuku wa kienyeji. Hatujawahi kuwa matajiri, ila zamani hatukuwa watu wa kuhangaika.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Siku moja akarudi safari, akaomba maji ya kunywa, kikombe kikamdondoka mkononi. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa. Tulizunguka hospitali mpaka akiba ikaisha, ndipo nikaenda kukopa kwenye kampuni moja pale mjini, hizi za riba kubwa ambazo watu wanaziita kausha damu. Nilijua nikivuna alizeti nalipa. Mwaka ule mvua ikakata mapema, alizeti ikakaukia shambani.

Marejesho yakanishinda. Walikuja mchana, majirani wanatazama, wakabeba makochi, televisheni na cherehani niliyoachiwa na marehemu mama yangu. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, hawezi hata kusimama. Nikamsikia anawaambia kwa ule ulimi wake mzito, "Jamani, hiki kiti niachieni." Wakamwachia.

Ndugu zangu, sikukimbia. Niliuza kiwanja chetu, nikafulia watu nguo, nikashinda stendi na tenga la kuku kichwani. Nililipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Siku ya mwisho yule afisa alinipa mkono akasema, "Hongera mama, wenzako wengi wanatukimbia." Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikusikia uchovu.

Taratibu tukaanza kuinuka. Mwaka huu mzee mmoja wa Kinampanda ambaye huwa nampelekea alizeti akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mimi nimechoka. Mashine yangu ya kukamulia mafuta nataka kuiuza, na nimekufikiria wewe kwanza. Ila usinicheleweshe, mavuno yakianza wanunuzi watakuwa wengi." Usiku huo mimi na mume wangu tulipanga mpaka mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, tutamuuzia nani.

Nikaenda benki. Dada wa mikopo alinipokea vizuri, akachukua kitambulisho changu, akabonyeza kompyuta yake. Nikaona uso unabadilika.

"Mama, jina lako linasoma bado unadaiwa. Kuna mkopo hujawahi kuumaliza."

"Mwanangu, ule nilimaliza zamani."

"Inawezekana, ila sisi tunafuata kinachosomeka hapa. Nenda kwa waliokukopesha warekebishe."

Nikaenda. Pale ilipokuwa ofisi yao sasa kuna saluni. Wasichana wa pale hawajui lolote. Namba zao hazipatikani. Risiti sina, kwa sababu pesa nilikuwa nampa afisa mkononi, anaingiza kwenye kompyuta mbele yangu, naondoka.

Neema ndiye aliyenitafutia njia. Akasema kila mkopaji ana haki ya kuomba taarifa zake kwenye kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo. Tukaomba, zikaja kwenye simu yake. Akanisomea taratibu. Nimeandikwa kama mtu aliyekopa akatokomea. Tulipolalamika tukajibiwa kwamba marekebisho lazima yathibitishwe na aliyenikopesha. Huyo aliyenikopesha nimtoe wapi?

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike. Neema amemaliza chuo, amesomea dawa. Tangu akiwa mdogo anasema atafungua duka la dawa hapa Mwankoko, watu waache kukimbilia mjini mtoto akishikwa na homa. Hajawahi kukopa popote, jina lake ni safi. Wiki iliyopita tukiwa tunakula akasema, "Mama, tukope kwa jina langu. Duka litasubiri."

Nikamwambia haiwezekani. Baba yake akaweka kijiko chini. "Mama Neema, mimi ndiye niliyekufikisha hapa. Mwache mtoto atuokoe."

"Na alizeti ikikauka tena?" nikauliza. "Naye abaki kama mimi, kabla hata hajaanza maisha?"

Neema akaanza kukusanya vyombo. Nikadhani yamekwisha.

Jana mchana simu ya Neema iliita. Niliona amesimama uani, anacheka, anasema "asante sana dada, asante sana." Kumbe alishapeleka maombi benki bila kuniambia, na mkopo umepita. Jumatatu anaitwa kusaini, pesa itoke. Akanikumbatia akasema, "Mama, mashine ni yako." Baba yake analia kwa furaha kwenye kiti chake. Mimi nikasingizia naenda kuangalia kuku, nikakaa nyuma ya banda nikalia peke yangu.

Nikimzuia, mzee wa Kinampanda atauza kwa mwingine, nasi tutabaki hivi hivi, maana mimi sikopesheki tena popote. Nikinyamaza, mwanangu anabeba mzigo ambao nilishautua kwa jasho langu. Na huyu mtoto hajui ilivyokuwa siku ile walipobeba vitu vyetu, alikuwa shule ya bweni, sikumsimulia yote.

Mliowahi kufutiwa deni lililokwisha wakati mkopeshaji hayupo, mlipita wapi? Na nyie wazazi wenzangu, Jumatatu ndiyo hiyo. Nimwache mwanangu asaini, au nimzuie? Nishaurini, mimi akili imefika mwisho.