Siku Niliyowakana Minyoo wa Chini ya Bahari

Aibu hii ni yangu peke yangu, na nimemwagiza mjukuu wangu Wambui, aniitaye Shosho, yaani bibi, aiandike yote, ingawa yeye ndiye niliyemwumiza.

Shule yake hapa Nakuru ilitualika tuone kazi za watoto za sayansi, na mmoja tu angechaguliwa kwenda mashindano ya kaunti. Kila mtoto alipewa dakika tano. Wambui akaeleza kwamba chini kabisa ya bahari, kusikofika jua, maji ya moto hububujika kutoka nyufa za ardhi, na kando yake wamejaa kaa weupe na minyoo warefu kuliko mtu, wasio na mdomo wala tumbo, wanaolishwa na vijidudu waliomo miilini mwao.

Ningalinyamaza, ningalikuwa na heshima yangu hadi leo. Lakini mimi nilizaliwa Eburru, mlimani ambako mvuke hutoka ardhini (mkono wangu una kovu lake), nikaona mtoto anadanganya watu, nikainuka, na kwa kuwa kwetu mzee akiinuka hakuna wa kumketisha, mwalimu akanipa kipaza sauti.

“Wambui! Mnyoo hana mdomo, anakula na nini? Waombe wazazi hawa msamaha!”

“Shosho, tafadhali, dakika zangu…”

“Dakika gani? Nilikulea uwe mwongo?”

Watu wakapiga makofi, nami (mjinga mimi) nikanogewa, nikasimulia, kuthibitisha kwamba hakuna kiishicho penye joto hilo, habari ya mbuzi wetu aliyetumbukia kwenye shimo la mvuke akatolewa ameiva, hata baba mmoja akaita, “Mathe, si utuletee na chumvi!”

Mwamuzi, mama kijana, akaniuliza kwa upole, “Shosho, kiangazi mlilisha ndama wapi?”

Nikamjibu ukweli wenyewe. Nyasi mbichi zilikuwa kando ya matundu ya mvuke, kwingine kote kumekauka.

“Basi hata mtoto amesema kando, hakusema ndani,” akasema, akawasha video, na tukawaona minyoo wenyewe, vichwa vyekundu, wakiyumba gizani. Kengele ikalia. Dakika za Wambui nilikuwa nimezimaliza mimi, na kanuni haikuruhusu nyingine. Akachaguliwa mtoto mwingine.

Niliomba msamaha kwa kipaza sauti kilekile. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Nimeapa: mtoto akisimama kueleza alichosoma, nitafunga mdomo mpaka amalize, hata akisema ng’ombe hutaga mayai. Andika hivyo, Wambui, wala usinipunguzie.