Nyumba ya Marehemu Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na hilo lilikuwa kosa. Shefu wa biro, mkuu wa ofisi yetu, aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni, akaniuliza kama nimekuja kuimba kwaya. Meza ya kunipa haikuwapo. Alinipa daftari, kalamu mbili za bluu na nusu ya benchi, nusu nyingine ikiwa ya karani, akasema kesho yake nitapanda pikipiki kwenda Kpandroma. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya asistanti sosiali hapa Bunia, kazi niliyoifanya mpaka magoti yangu yalipokataa pikipiki.

Wengi wenu mnaosoma haya mnaijua kazi hiyo kwa jina tu, kwa hiyo nieleze. Mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane akishitakiwa, hata kwa kuua, hapelekwi mbele ya korti ya watu wazima. Anakwenda kwa Mwamuzi wa watoto. Mwamuzi naye anahitaji enkete, yaani uchunguzi wa maisha ya mtoto: alizaliwa wapi, nani alimlea, aliacha shule lini na kwa nini. Anayetembea kutafuta majibu hayo ni asistanti sosiali. Anatembea sana, anaandika kidogo, na kile kidogo anachoandika kinaweza kubadili maisha ya mtu.

Kule Kpandroma kijana mmoja alikuwa amempiga mwenzake hadi akafa. Mimi, na bidii yangu ya mgeni, nilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wa aliyeshitakiwa. Walinipokea vizuri. Baridi ya milimani ilikuwa kali, wakaniletea viazi na maharagi ya moto, nikala, wakaniongeza, nikala tena. Nilipovuka barabara kwenda kwa wafiwa nilikuta mlango umefungwa. Babu wa marehemu alikuwa amekaa nje, na hakuinuka.

"Siye hatuna maneno na weye, mama," alisema. "Weye ulisha kula kule."

Nilirudi Bunia na nusu ya enkete. Shefu wa biro alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito, na nilijiandaa kupigiwa kelele. Hakupiga.

"Ulianzia kwa nani?"

"Kwa wazazi wa mutoto, Shefu."

"Na ulikula?"

"Nilikula."

"Basi iyo enkete ilisha kufa. Sikia, mama. Hapa kwetu batu wanaangalia sahani yako mbele ya kuangalia karatasi yako. Kuanzia leo, nyumba ya marehemu kwanza. Na usikule kwa mutu yeyote mupaka Mwamuzi asome hukumu."

Nilikasirika, sitawaficha. Nimelelewa nikijua kwamba kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Lakini kumbukeni wakati ule ulivyokuwa. Bunduki za vita zilikuwa zimenyamaza, ila kila mtu bado alikumbuka jirani yake alisimama wapi zilipokuwa zikilia. Sahani ya maharagi ilitosha kukuweka upande mmoja. Tangu siku ile nilitembea na termosi yangu ya chai na mihogo ya kuchemsha niliyoifunga kwenye kitambaa, na watu wakaniita Mama Termosi. Jina hilo lilinifuata Ariwara, ambako nilishughulikia wezi wadogo wa sokoni, na likarudi nami Bunia nilipopewa cheo cha kusimamia maasistanti wawili.

Hapo ndipo iliponikuta kesi ambayo mpaka leo haijanitoka. Vijana wawili, Jeremi na Baraka, walikuwa marafiki wakichimba dhahabu Mongbwalu. Jeremi alikuwa mtoto wa wafugaji wa hapa Ituri. Mama yake Baraka, Mama Vumilia, alikuwa amehamia Bunia kutoka upande wa Butembo, akiuza samaki wa chumvi sokoni. Vijana hao walikuwa na jozi moja tu ya boti za mpira, viatu virefu vya machimboni, wakizivaa kwa zamu. Siku moja Baraka alizivaa katika zamu ya mwenzake. Wakagombana, na Jeremi akampiga na beleshi nyuma ya shingo. Baraka alikufa asubuhi ile ile, kwa sababu ya boti.

Habari ilipofika mjini, vijana wa mtaa wa Mama Vumilia walitaka kwenda kuchoma nyumba ya mjomba wa Jeremi. Wazee wa mtaa walikaa chini katikati ya njia, wakakataa kuinuka mpaka vijana waliporudi nyumbani. Mimi nilikwenda kwa Mama Vumilia kwanza, kama nilivyofundishwa. Alikuwa kwenye mkeka wa msiba. Hakuniuliza juu ya sheria wala kifungo.

"Mi nataka kujua neno moja tu," alisema. "Mutoto wangu alisema nini mara ya mwisho? Yule mwenzake njo alikuwa pale. Umuulize."

Nikamwahidi kwamba atalipata jibu. Katika kazi yetu hatupaswi kuahidi, lakini mngeuona uso wake nanyi mngeahidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa umri. Shefu wa parke, ofisi inayoshitaki, alikuwa na kadi ya uchaguzi ya Jeremi mezani. Kadi ilisema miaka kumi na tisa.

"Aliua sawa mutu mukubwa, ahukumiwe sawa mutu mukubwa," alisema. "Mama Termosi, usinichokeshe."

Nilimchokesha. Kila mtu hapa anajua kadi hizo zilivyopatikana. Kijana anayetaka kwenda machimboni anajiongezea miaka siku ya kujiandikisha, ili apate karatasi ya kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani. Nilitafuta katika vitabu vya ubatizo vya parokia tatu, mavumbi yakinikereketa kooni, mpaka nilipomkuta: Jeremi alikuwa na miaka kumi na mitano. Shefu wa parke alisoma nakala mara mbili, akasaini bila kuniangalia. Nilitoka pale kifua mbele.

Furaha yangu haikudumu hata wiki. Mama Vumilia aliingia ofisini bila kusalimu, akasimama mbele ya meza yangu.

"Yule umemupunguzia miaka," alisema. "Wangu utamuongezea ngapi?"

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya kabati la mafaili nikalia, mimi mtu mzima, karani akijifanya anatafuta kitu sakafuni. Sikujuta kusema ukweli juu ya umri wa Jeremi. Lakini niliona kwamba mpaka hapo nilikuwa nimemfanyia kazi mtoto mmoja tu kati ya wawili.

Jeremi mwenyewe alinyamaza kwa vikao vitano nilivyokaa naye. Katika kikao cha sita nilimuuliza tena swali la Mama Vumilia. Alikuwa anakwangua kucha zake.

"Hakukufa palepale," alisema. "Alikuwa bado anasema. Alisema, Jeremi, nipeleke."

"Umupeleke wapi?"

"Kwenye dispansari. Haikuwa mbali, mama. Mabati yake ilikuwa inaonekana. Nikakimbia."

Mnielewe vizuri. Pigo lile lilikuwa la hasira ya muda mfupi. Kukimbia kulikuwa jambo lingine, na hakuna shahidi aliyelijua. Mtetezi wake aliniomba nisiliandike. Hata asistanti wangu mdogo, msichana mwema, alinisihi: "Mama, iyo neno itamuumiza." Niliweka kalamu chini, nikaiinua, nikaandika. Kama nilikuwa nimepekua vitabu vya parokia tatu ili ukweli umsaidie, ningewezaje kuuficha ulipomlemea?

Kikao cha Mwamuzi kilikuwa cha faragha, ndivyo sheria inavyotaka kwa watoto. Mama Vumilia alisikilizwa kwanza, kisha akatolewa nje, na ripoti ikasomwa akiwa hayupo. Mwamuzi, mama mwenye sauti ndogo, alirudi kwenye ukurasa wa kukimbia kwa Jeremi, akausoma tena. Aliamua Jeremi asipelekwe gerezani. Atakaa miaka sita katika kituo cha kulea watoto, ajifunze useremala. Kisha akaniangalia, akasema: "Na useremala peke yake hautoshi, Mama Asistanti. Umenisikia?"

Nilimsikia. Mama Jeremi hakunisalimu tena, maana alidhani bila ripoti yangu mwanawe angerudi nyumbani. Mama Vumilia naye alikuwa uani kwa korti, na alichosikia kutoka kwa karani wa korti ni neno moja, useremala.

"Aliua, na munamufundisha mbao?"

Nilikuwa na jibu la swali lake ndani ya faili langu, na nilikatazwa kulitoa. Siri ya kazi ni siri ya kazi. Lakini niseme wazi, hata kama ningeruhusiwa nisingelitoa. Neno lile lilipaswa kutoka katika kinywa kilicholificha. Kila nilipopita sokoni Mama Vumilia alinyanyua kichwa juu ya samaki wake.

"Bado?"

"Bado, mama."

Basi anarudi kwa wateja wake. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Kituoni Mkurugenzi alikuwa mtu wa huruma kweli, anayejua jina la kila mtoto na la mama yake. Alinisindikiza mpaka getini siku moja, akanishika mkono.

"Usimukumbushe tena, Mama Termosi. Mutoto alisha anza kucheka."

"Acheke," nilimjibu. "Mi nitarudia mwezi kesho."

Nilimpenda Mkurugenzi, lakini nilimwona amekosea, sawa na Shefu wa parke. Mmoja alitaka kumfunga mtoto pamoja na kosa lake, mwingine alitaka kulifuta kosa ili mtoto abaki safi. Hakuna kati yao aliyemfikiria Mama Vumilia, aliyekuwa bado anangoja jibu. Nilirudi kila mwezi. Siku nyingine Jeremi alinipa mgongo, akaendelea kupiga randa kana kwamba mimi ni ukuta.

"Mama Vumilia iko anauliza," nilimwambia.

"Umwambie weye. Unajua yote."

"Mi sikukuwa pale, Jeremi."

Nilistaafu kesi hiyo ikiwa bado. Biro walinifanyia karamu ndogo, wakanipa kitenge na hotuba ndefu. Termosi nilimwachia yule msichana mwema, ambaye sasa ndiye anayesimamia wengine. Aliniuliza mbele ya watu wote swali ambalo vijana wote wa kazi hii wananiuliza: mtoto aliyeua, aadhibiwe au alelewe?

Nilimjibu hivi, na jibu hilo ninalirudia hapa kwenu. Gereza la watu wazima sikulitaka kwa mtoto yeyote na sitalitaka, maana nimewaona waliotoka huko. Lakini kumlea si kumpa randa na msumeno tu, kisha tukapongezana kwamba kazi imekwisha. Mtoto aliyeua analelewa mpaka aweze kusimama mbele ya aliyemuumiza na kusema alichofanya, chote, bila mtetezi na bila asistanti wa kumsemea. Asiyefika hapo hatujamlea, hata akitengeneza vitanda vya mji mzima. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa ninamfikiria Mama Vumilia na samaki wake.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi, Jeremi alipiga hodi kwangu. Alikuwa mwanamume sasa, ameshatoka kituoni, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mama, twende," alisema. "Mi naogopa kwenda mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu. Mama Vumilia alikuwa uani kwake akichambua samaki kwenye karai. Alimtambua palepale, kisu kikasimama mkononi. Nilikaa kwenye kigoda nikafunga mdomo. Ilinigharimu, maana maneno yote nilikuwa nayo tayari.

Jeremi alisema akiwa amesimama. Alisema juu ya boti, zamu na beleshi. Kisha akaangalia njia tuliyojia, na nilidhani ataishia hapo.

"Hakukufa palepale, mama. Alisema, Jeremi, nipeleke. Dispansari ilikuwa karibu. Nikakimbia."

Mama Vumilia aliweka kisu chini. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alisema polepole. Alikuwa ananiamini."

Hapo mama alilia, na Jeremi alilia, na mimi sikuwa na kabati la kujificha nyuma yake. Ilichukua muda. Kisha Mama Vumilia aliingia ndani, tukasikia sufuria zikigongana. Alitoka na maji ya kunawa, bugali na sombe ya majani ya mihogo, akaviweka mbele yangu.

"Kula, Mama Termosi. Miaka yote iyo hukukula kwangu."

Nilinawa, nikala. Jeremi alisogea hatua moja kuelekea kwenye maji. Mama Vumilia aliinua mkono.

"Weye, bado," alimwambia. "Rudia kesho."

Kesho yake, saa moja asubuhi, nilimwona Jeremi akipita mbele ya nyumba yangu kuelekea kule. Hakunipigia hodi.