Nafasi Kando ya Kahangwa

Ephrasia alikuja kuolewa Kaagya akitokea Muleba, na mwanzoni alikichukia kibanja cha mumewe. Alituambia wazi sisi majirani: migomba imezeeka, mibuni haijapogolewa, nyumba ina giza. Tulimcheka. Basi akashika jembe.

Miaka ikapita, akawa anakijua kibanja kile kuliko mumewe Kahangwa mwenyewe. Mgomba huu wa pombe, ule wa ndizi za kupika, ule pale uliangushwa na upepo akauinua kwa mti wa kuegemea. Alitandaza nyasi chini mpaka ukipita huoni udongo. Mtoto hakujaliwa. Kahangwa alipofariki tulimzika humo humo, nyuma ya nyumba, walipolala baba zake. Kando ya kaburi Ephrasia aliacha nafasi, hakupanda kitu. Hakuna aliyeuliza, sote tulijua ni ya nani.

Hata Josia alijua. Huyu ni mtoto wa kaka yake Kahangwa, na ndiye aliyefanywa mrithi na ukoo. Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani na Ephrasia, tukamkuta amepanda mgomba pale pale.

"Mama, kwetu mjane asiye na mtoto anarudishwa kuzikwa kwao," alisema. "Ndivyo ukoo unavyofanya. Sikufukuzi, waitu, mama yetu. Kaa, ulime, ule."

"Kwetu ni wapi, Josia?"

"Si Muleba?"

Niliumia. Ephrasia alikwenda kuchukua nyasi, akautandazia ule mche.

"Mgomba wenyewe una kosa gani?" aliniambia.

Mimi ningeung'oa, nasema kweli.

Mgomba ule ulikuwa umeshabeba mkungu wakati Ephrasia anafariki. Majirani tulikwenda kumwomba Josia, tukawaomba na wazee wa ukoo. Walitusikiliza kwa heshima, wakakataa. Tukapakia jeneza kwenye gari.

Kule Muleba kaka zake wote walikuwa wameshakufa. Waliotupokea ni wajukuu wa kaka hao, watu wema kabisa. Walikuwa wamechimba kaburi vizuri, wamepika, wameweka viti. Mmoja wao, mkononi ana msalaba na brashi ya rangi, akatujia sisi wageni akatuuliza marehemu aliitwa nani.