Matairi ya Kwenda Kabambare

Jirani yangu hapa Kindu ni kwado, yaani fundi wa matairi. Jua likianza kuchoma, harufu ya mpira hutoka kwenye banda lake, ikavuka ua na kunikuta jikoni nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Watu wengine wanasema harufu hiyo inawaumiza kichwa. Mimi inanirudisha Kasongo, kwenye ua wa baba yangu, ndani ya gari lisilo na magurudumu, na upweke wa siku zile unanikaa kifuani tena kana kwamba haukuwahi kuondoka. Ngoja niwasimulie, maana nimekaa na jambo hili peke yangu kwa muda mrefu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mpunga na mawese. Gari lake lilikuwa la kijani, limeinuka juu kama magari yote ya kupita kwenye matope, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Lilikuwa gari la kazi, lakini pia gari la nyumba: lilitupeleka kwenye maziko, kwenye ndoa, na kila mwisho wa mavuno lilimpeleka mama kwao Kabambare kusalimia wazazi. Barabara ya Kabambare ina mawe makali upande mmoja na matope upande mwingine, nayo ndiyo iliyoyamaliza matairi yetu. Yalipobaki nyuzi tupu, baba aliyatoa, akaliweka gari juu ya matofali pembeni mwa mndimu, akasema ni kwa muda mfupi tu. Kuku walilijua gari hilo kabla sisi hatujalizoea hivyo, wakaanza kutaga chini ya kiti cha nyuma.

Mama aliondoka gari likiwa tayari juu ya matofali. Niliona chanzo chake kwa macho yangu, ingawa sikujua kwamba ndicho chanzo. Ilikuwa Idi, na wageni wa baba walikuwa wamekaa mkekani wakingoja chakula. Mmoja wao, mzee mpole, akaiombea nyumba yetu baraka na watoto wengi. Baba akacheka kile kicheko cha mtu anayetaka kuwafurahisha wageni, akasema, "Watoto gani, mzee? Miye niko na mumoja tu. Nyumba ya mutoto mumoja haiko nyumba, ni kibanda ya kupumuzikia."

Wageni walicheka. Mama alikuwa mlangoni na sinia la wali. Hakulidondosha, alilitua katikati ya wageni, akawakaribisha. Mimi nilikuwa nyuma yake na birika la maji ya kunawa. Huyo mtoto mmoja nilikuwa mimi, lakini wakati ule nilichofikiria ni maji yasimwagike.

Idi ilipokwisha mama alifunga nguo zake kwenye kitenge. Pikipiki ilikuja mpaka mlangoni, akapanda nyuma ya dereva, akanishika kidevu. "Ubaki na baba yako," aliniambia. "Atakuja kunichukua, na weye utakuja naye." Kisha pikipiki ikashika njia ya Kabambare, nami nikabaki nikinusa moshi wake.

Kwetu mwanamke akirudi kwao kwa hasira, hajirudishi mwenyewe. Mume ndiye anayemfuata. Anakaa kwenye mkeka mbele ya wakwe, anataja kosa lake kwa kinywa chake, wakwe wanamsema kadiri wanavyotaka, naye anasikiliza ameinamisha kichwa. Wakichoka kumsema, wanampa mke wake. Hata mimi mtoto nilijua hivyo. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilimwuliza baba tunaenda lini, akanionyesha gari.

"Tutafute mipira kwanza," alisema. "Mama yako hatarudia juu ya pikipiki sawa gunia ya mupunga. Atarudia mu gari, na heshima yake."

Nilipenda sana maneno hayo. Niliyarudia kwa watoto wa jirani mpaka wakanichoka.

Basi tukaanza kutafuta matairi. Kwado wetu alikuwa Asumani, mtu mnene mwenye midomo ya kucheka, banda lake likiwa karibu na soko. Baba alinichukua kila tulipokwenda kwake, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kubaki nami. Asumani alitoa matairi moja baada ya jingine, yaliyotumika, kwa maana mapya yalikuwa ya kusikia tu. Baba aliliinamia kila moja. Alibonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, akapitisha kiganja ndani kutafuta waya uliochomoza, akalikunja pembeni ili mipasuko ijitokeze, mwishowe akalinusa. Nami nilinusa. Nilijifunza kwamba mpira uliokaa sana juani hunuka vumbi, na ule wenye uhai hunuka kidogo kama mafuta ya taa. Nilijiona fundi.

"Hii imekauka," baba alisema. Au, "Hii ni ya lami, mu matope itateleza." Au, "Hii nzuri, lakini iko wapi mwenzake?"

Mtu mmoja alileta matairi mawili kutoka Lusangi, ya gari la wachimbaji, yana meno marefu ambayo yangeweza kupanda ukuta. Baba aliyazunguka asubuhi nzima. Mwisho akasema ni mapana mno, yatakwaruza pembeni gari likikata kona. Asumani alijifuta jasho akasema, "Baba Zaina, unachagua mupira sawa mutu anachagua bibi. Mwenye kuchagua hivi analala peke yake."

Watu waliokuwa pale walicheka, hata mimi, kwa sababu Zaina ni mimi na nilipenda kusikia jina langu. Baba hakucheka. Alinishika mkono tukarudi nyumbani.

Nyumbani palikuwa kimya kwa namna ambayo sikuijua kabla. Baba alipika ugali, ukawa na madonge, tukala. Alikuwa mtu mwema lakini hakujua mtu anaongea nini na mtoto wa kike. Mchana akienda dukani kwake mimi niliingia garini. Nilikaa kiti cha mbele cha abiria, pale ambapo mama hukaa, nikafunga mlango kwa kamba, nikaenda Kabambare. Nilijua kila kijiji njiani. Nilipunguza mwendo kwenye madaraja ya miti, niliwapungia mkono wauza ndizi, nilifika kwa bibi na kushuka. Nikishuka nilikuwa chini ya mndimu. Kuku wakanitazama kwa hasira kwa kuwaharibia usingizi. Nililia mara nyingi ndani ya gari lile, na sikumwambia mtu, kwani wa kumwambia alikuwa Kabambare.

Kisha ikasikika kwamba Nyangwe kuna mtu amepokea matairi kwa mtumbwi, manne, yanayofanana kama ndugu wa baba mmoja. Baba alikodi pikipiki, akaniweka katikati yake na dereva, tukaenda. Nakumbuka upepo na mgongo wa dereva ulionuka moshi wa samaki, na magoti ya baba yakinibana nisianguke. Tulipita mabonde na mito, makalio yakafa ganzi. Nyangwe baba akaninunulia samaki wa kukaanga kando ya Lualaba, nikala mpaka vidole vikang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nilisikia furaha. Matairi yalikuwepo kweli, manne, yamelazwa juu ya majani ya migomba. Baba aliyabonyeza, akayanusa, akasimama akiutazama mto muda mrefu.

"Haya yamekauka," alisema.

Mimi pia nilikuwa nimeyanusa. Yalinuka mafuta ya taa. Lakini baba alijua zaidi yangu, nikanyamaza, tukapanda pikipiki tukarudi Kasongo.

Mvua zikaja na kwenda. Majani yaliota katikati ya matofali. Siku moja Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, aliingia uani bila hodi, na nyuma yake wanaume wawili wakisukuma baiskeli zilizofungwa matairi, mawili huku, mawili huku. Shangazi alikuwa mfupi, lakini baba alimwogopa tangu utoto wao na hakuficha. Aliwaambia wanaume wafungue kamba. Matairi yakadunda chini, yakajilaza.

"Mipira njo hii," alisema. "Miye mwenyewe nimeenda Nyangwe. Useme sasa, mbele ya mutoto, iko na ubaya gani."

Baba aliinama. Akabonyeza, akapitisha kiganja, akanusa. Aliyakagua yote bila haraka. Kisha akanitazama mimi, si shangazi, akasema kwa sauti ndogo, "Haina ubaya."

Nilidhani anahuzunika kwa sababu mwanamke amempita katika kazi ya wanaume.

Asumani alikuja na vyuma vyake na pampu ya mguu. Majirani wote walikuja kuona, kwani gari lile lilikuwa limeshahesabiwa kama sehemu ya bustani. Alipaka mdomo wa kila tairi maji ya sabuni, akasimama juu yake kwa miguu miwili, akaingiza chuma kimoja na kukikandamiza kwa goti, akaingiza cha pili, mpira ukakikubali chuma kidogo kidogo huku ukilalamika. Alipojaza upepo sisi watoto tulingoja ule mlio, pwa, tairi linapokaa mahali pake. Tulipiga makofi kwa kila moja. Yakaloweshwa maji kutazama kama yanatoa mapovu, hayakutoa. Asumani alisema gari limepata viatu, angalau sasa halitaaibika mbele ya wakwe. Baba alikwenda ndani, akakaa huko mpaka shangazi akamfuata.

Gari liliposhuka kwenye matofali, chini yake majani yalikuwa meupe.

Tulisafiri na mbuzi mmoja na vitenge vipya. Nilipotaka kupanda mbele, baba alitingisha kichwa. "Hapo ni pa mama yako." Nikakaa nyuma na mbuzi, na njia nzima nilitazama kiti kile kitupu kikiruka kwenye mashimo. Matairi yalishika vizuri. Kwenye tope lile baya ambapo malori hulala, tulipita bila kusukumwa, nami nilimpigia baba makofi peke yangu.

Kabambare baba alikaa kwenye mkeka. Babu na wajomba walimzunguka, nasi watoto tulifukuzwa, lakini nilisimama nyuma ya ukuta wa matete nikasikia. Baba alitaja kosa lake. Alilisema lote, wageni, sinia la wali, na maneno yenyewe neno kwa neno, na sauti yake ikakatika katikati. Sikuwahi kumsikia hivyo. Babu hakumsema sana. Alisema tu, "Miye nakusamehe. Lakini si miye uliyeniambia maneno yale."

Mama alitoka. Alinibeba ingawa nilikuwa nimekuwa mzito. Alikwenda mpaka kwenye gari, akainama, akaweka kiganja juu ya tairi la mbele, akakiacha pale.

"Mipira ni mizuri," alimwambia baba.

"Nilichagua sana," baba alijibu.

"Naona." Akanyanyuka. "Nilikungoja, Baba Zaina. Nilikungoja mpaka kungoja kuliisha. Rudia salama."

Hakuna aliyepiga kelele. Mbuzi alibaki, vitenge vilibaki, nami nikarudi na baba, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa baba. Njiani alisimamisha gari akaniambia nije mbele. Nilihamia kiti cha mama. Miguu yangu haikufika chini. Njia nzima mpaka Kasongo nilikuwa namkasirikia mama. Nilijiuliza ni mwanamke gani anayeletewa matairi mazuri namna ile kisha anakataa.

Vakansi iliyofuata, shule zilipofungwa, nilitumwa Kabambare kumsalimia. Baba alikuwa amekwisha kuliuza gari, hakutaka kuliona tena. Akaniitia pikipiki, akanivika koti lake, akamwusia dereva. Tuliondoka asubuhi. Jua lilikuwa halijaanza kulala nilipoona mapaa ya Kabambare, nikashtuka, nikamwambia dereva amekosea, haiwezekani tumefika. Akacheka. Akasema anafanya njia hii kila mara, yeye na wenzake, kwenda na kurudi, mvua au jua.

 Nilikumbuka upepo wa kwenda Nyangwe na magoti ya baba yakinibana. Nilikuwa bado mdogo, sikuweza kulimaliza jambo lile kichwani. Nimelimaliza nikiwa mtu mzima, kidogo kidogo, na sasa simkasirikii yeyote. Baba hakuwa anaogopa mpira mkavu. Alikuwa anauogopa mkeka, na kila tairi alilolikataa lilimpa muda mwingine wa kutokwenda. Nadhani alitaka kweli mama arudi kwa heshima. Nadhani aliamini sababu yake, kama mimi nilivyoiamini.

Pikipiki iliposimama mbele ya nyumba ya babu, mama alikuwa tayari nje, anajifuta mikono kwenye kitenge. Nilimwuliza alijuaje kwamba ninakuja. Hakujua. Bibi ndiye aliyenieleza baadaye, tukimenya mihogo: tangu arudi, mama yako akisikia pikipiki inatoka upande wa Kasongo anaacha kila kitu na kutoka, sasa mwili umezoea, anatoka hata asipotaka.

Siku zile zote mimi nilipokuwa nimejifungia kwa kamba ndani ya gari chini ya mndimu, nikisafiri kwenda kwake, yeye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza njia. Na hakuwa akisikiliza gari.