Mgeni wa Kopo la Rangi

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Mke wangu aliamka, akafungua dirisha, akachomeka kidole kwenye udongo wa Mgeni kama kawaida yake. Mgeni ni mmea wetu wa ndani, ule wa kutambaa. Mimi nilikuwa nimekaa na chai yangu. Nikamwambia kuna maji yamebaki kwenye birika, yameshapoa, nimletee? Akasema niyaache hapo hapo. Akanyanyua kopo alimopandwa, akalipima mkononi kama mtu anavyombeba mtoto wa jirani aone amenona kiasi gani, akalirudisha. Kisha akachukua mkoba aende kwa binti yetu. Mlangoni akageuka, akaniambia neno, nikacheka, akaenda zake.

Kesho yake aliamka mkono wa kulia hauinuki. Ndio uliokuwa mkono wa pasi. Hospitali hakukaa sana.

Watu walimwita Mama Pasi. Alipiga pasi kwa dobi tangu binti yetu yuko mgongoni mpaka binti mwenyewe akawa na watoto. Mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari, mashati ya watu wasiomjua. Nguo haikuweza kumdanganya. Aliigusa kwa nyuma ya kiganja, akajua: hii bado mbichi, hii imekauka mno inataka kunyunyiziwa, hii ndiyo. Alisema nguo mbichi pasi inaipika, na iliyokauka mno mikunjo yake inaota kiburi. Mimi nilikuwa fundi wa kupaka rangi. Nilirudi nyumbani na madoa mpaka kwenye nyusi, naye ananitazama, ananiambia leo ukuta ndio umekupaka wewe.

Mgeni alikuja naye kutoka kazini. Kipande cha shina tu, majani mawili matatu ya umbo la moyo, kimechomekwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mwenzake alikuwa anahama, akamwambia nishikie kidogo. Hakurudi kukichukua. Nikamtania mke wangu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akanijibu huyu hana mikono, jembe nishike mimi. Basi nikashika msumari. Nikachukua kopo la rangi lililokwisha, nikalitoboa matundu chini, tukampanda. Kazi yangu kwa Mgeni ikaishia hapo. Miaka ikaenda. Akapanda fimbo ya pazia, akavuka dirisha, akashuka upande wa pili mpaka kwenye kioo, ikawa nikitaka kunyoa ndevu namsogeza kwanza.

Maji alimpa mke wangu. Hakuwa na siku maalumu. Kidole kikizama mpaka pingili ya pili kikatoka kikavu, na kopo likiwa jepesi, ndipo anampa, tena anampa vizuri mpaka maji yatoke chini kwenye matundu. Yakiisha kuchuruzika, ya kwenye sahani ya chini anayamwaga. Siku za baridi alimpa kwa nadra. Majani yakilegea kidogo hakushtuka. Alisema huko ndiko kuomba, na anayeomba hajafa. Jani la njano ndilo aliloliogopa.

Tulipomzika nyumba ilijaa, kisha ikapungua. Akabaki shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anipikie na kuniangalia. Ni mwanamke wa kufuta hiki na kupangusa kile, hawezi kukaa mikono mitupu. Haukupita muda nikaona jani la njano. Kisha jingine. Kisha yakawa yanaanguka kwenye kochi. Waliokuja kunijulia hali walitikisa kichwa, wakasema mmea unamlilia mwenyewe. Fundi viatu, jirani yetu, aliyasema hayo huku akimmiminia maji yaliyobaki kwenye glasi yake.

Na mimi niliamini. Ilinifariji kidogo kwamba tuko wawili. Lakini niliogopa pia. Nguo zake binti ameshazigawa. Kazi ya mikono yake iliyobaki hai mle ndani ilikuwa lile kopo. Mgeni akifa, sikujua asubuhi ningeamka nitazame nini.

Siku moja nikaamua nimsogeze apate mwanga zaidi. Nikalishika kopo. Nimebeba makopo ya rangi maisha yangu yote. Najua kopo tupu, najua kopo nusu, najua kopo lililojaa. Lile lilikuwa limejaa. Nikaona pia limekalishwa ndani ya bakuli, lile zuri la maua tunalowatolea wageni, na ndani ya bakuli maji yamesimama. Nikanusa. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Nikamwita shemeji, nikamuuliza habari za bakuli. Akasema ameliweka yeye, maana maji yalikuwa yanafurika ile sahani ya chini, yataharibu sakafu ya dada. Kila asubuhi humpa Mgeni kikombe cha maji, na akimpa huwa anaongea na dada yake. Hilo la mwisho alilisema anaangalia nje.

Maji yale ndiyo yalikuwa kilio chake. Utamwambiaje mtu aache?

"Shemeji," nikasema, "mimi humpa jioni."

Akanigeukia. "Kila jioni?"

"Ukienda kuoga." Ilikuwa kweli, ila sikuwa nimemwambia mtu.

Akajishika mdomo. "Na fundi viatu?"

"Fundi viatu kila akija."

"Masikini. Halali wala haamki bila kunyweshwa." Akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo tumemuua?"

Nikamwambia tutazame. Tukapindua kopo juu ya gazeti. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, inakatika kama uzi mbovu. Lakini kule mbali, karibu na kioo, shina lilikuwa bado gumu na majani yake ya kijani. Nikachukua mkasi wa mke wangu, nikakata vipande kadhaa, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Shemeji akaleta chupa, akazijaza maji.

"Tumemzamisha kwa maji, sasa tunamrudisha majini," akasema.

"Ndivyo alivyokuja," nikamwambia.

Vilitoa mizizi, myeupe kama nyuzi mpya. Shemeji alirudi kwake ameipakata chupa moja, nikamwonya akifika asiharakishe kumnywesha, akasema safari hii atazungumza na dada bila kikombe. Mimi kimoja nimekipanda kwenye kopo jingine, na matundu nimetoboa mengi kuliko ya kwanza. Bakuli la maua limerudi kabatini.

Sasa mimi ndiye ninayetia kidole. Asubuhi nyingine birika ninalo mkononi tayari, na udongo bado una unyevu, na kopo bado zito, na mkono hautaki kurudi. Hapo ndipo namwona mlangoni, mkoba begani, amegeuka, ananiambia lile neno nililolicheka:

"Mzee, usije ukamnywesha Mgeni kwa kiu yako wewe."